Mtakatifu Mwenye Rungu

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu hapa Kaengesa anajua. Kwa hiyo Calvin alipoingia uani akicheka peke yake nilimwambia aseme haraka au arudi mjini. Calvin ni mdogo wangu, anatengeneza simu Sumbawanga. Akanivuta nyuma ya kihenge cha mahindi, akanionyesha picha kwenye simu yake.

"Dada, unamjua huyu?"

Nani nyumbani kwetu asimjue? Alikuwa Mtakatifu Yuda Tadei wa mama, yule anayekaa ndani ya kitabu chake cha sala tangu sisi wadogo: mzungu mwenye rungu begani, na nyuma ya kichwa chake rangi ya njano inang'aa. Mama alimkuta ndani ya kitabu hicho hicho, misale aliyoachiwa na padri mmoja Mmarekani siku padri anarudi kwao. Yuda Tadei huchorwa akiwa na rungu, basi mama hakuuliza mara mbili. Kila asubuhi alimbusu. Alimwomba mvua, alimwomba ng'ombe wapone. Hata mume aliniombea kwake, na mume akaja, japo sitasema mtakatifu alijitahidi sana.

"Siyo mtakatifu," Calvin akasema. "Ni mcheza besiboli. Hii ni kadi yake, ya zamani kweli, na wako watu Marekani wanazikusanya. Nimeweka picha kwenye kundi lao, mmoja anaitaka kwa hela ya pawatila. Pua isingefutika kwa busu za mama, tungepata pawatila mbili."

Nilikaa chini kwenye majani. Ninyi mliolima matuta ya Ufipa kwa jembe la mkono mtanielewa. Nilicheka mpaka kanga ikafunguka, maana hapo hapo nilijiona ninapita na pawatila, katrekta kangu ka magurudumu mawili, mbele ya nyumba ya Bertha jirani, nimevaa miwani ya jua.

Nikasema tungoje, kama kitu cha kale hupanda bei, si tuiache izidi kupanda. Calvin akakataa. Alisema wanaozipenda kadi hizo wengi ni wazee. Wakiondoka, haijulikani kama wajukuu wao watazitaka, maana wengine siku hizi wananunua kadi za ndani ya simu, zisizoshikika. Wapo wanaosema zitapanda bila kikomo, wapo wanaosema zitabaki makaratasi.

"Hakuna anayejua, dada. Mimi nasema tuuze sasa."

Lakini nani atamwambia mama? Kicheko kikaniishia. Miaka yote hii mama anamweleza siri zake mcheza mpira. Akisikia, moyo wake utakuwaje? Niliogopa kweli. Pawatila niliitaka, ila si kwa kumvunja mama moyo.

Basi tukafanya ujanja wa kijinga. Calvin akanunua picha ya Yuda Tadei halisi kwenye duka la kanisa, tukaibadilisha mama akiwa shambani. Kesho yake asubuhi mama akafungua kitabu, akabusu, akaisogeza picha mwangani.

"Avelina, huyu mgeni ametoka wapi?"

Mimi kusema uongo siwezi, huwa naanza kucheka. Nikacheka, Calvin naye akacheka, na kila kitu kikamwagika: besiboli, kundi la Wamarekani, pawatila.

Mama hakucheka. Alitaka arudishiwe kadi, akaitazama muda mrefu. Machozi yakaanza kunilenga.

"Jina lake ndilo hili hapa chini?"

"Ndiyo, mama," Calvin akasema. "Wendell Tuttle."

"Nilidhani ni la kiwanda." Akalipapasa kwa kidole. "Amekufa?"

"Zamani sana."

"Na hao wanaomtafuta, wanamwombea?"

Calvin akajikuna kichwa. "Hapana, mama. Wanamweka kwenye plastiki ngumu, asichafuke."

Mama akasimama, akachukua kanga yake ya kutokea. "Maskini ya Mungu. Miaka yote namtwika shida zangu, kumbe mwenyewe hana wa kumwombea." Akaenda parokiani kumwekea nia ya misa, aombewe Jumapili.

Jumapili, katikati ya kina marehemu Alois na Monika, likasomwa jina: marehemu Wendell Tuttle, anaombewa na familia ya Luciana. Luciana ndiye mama. Vichwa vyote vikatugeukia. Niliuma kanga nisicheke.

Hapa kwetu ukifiwa huulizwi maswali, unaletewa chakula. Mchana uani kukajaa. Bertha alileta kuku na unga wa ulezi, akakaa karibu na mama, akauliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa anafanya kazi gani.

"Alikuwa anapiga mpira kwa rungu," mama akasema, kwa huzuni halali kabisa.

"Jamani," Bertha akasema, "kazi ngumu hiyo."

Calvin alitoka nje akijifanya anakohoa. Watu wakanywa togwa, wakaimba, na sijapata kuona msiba mtamu kama ule.

Wageni walipoondoka sikuthubutu kutaja pawatila. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: mama abaki na mtu wake. Mama mwenyewe ndiye aliyeitoa kadi kwenye kitabu, akampa Calvin bila kuibusu.

"Mama, una hakika?" nikamuuliza. "Huyo ni wako."

"Yeye tumeshamsindikiza, Avelina. Hii iliyobaki ni karatasi." Akamgeukia Calvin. "Na huyo mnunuzi mwambie wafiwa bado hawajakubali bei."