Ufunguo wa Choo cha Cwmhelyg

Choo cha umma cha uwanja wa Cwmhelyg, kijiji cha mabondeni Wales, kilifungwa Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa nne asubuhi, kwa kura saba dhidi ya sita za baraza la kaunti. Kura ya saba ilikuwa ya Gethin Rosser. Wengine walisahau. Olwen Probert, aliyewapikia watoto wa shule ya hapo miaka thelathini, Gethin akiwemo, hakusahau hata rangi ya tai aliyovaa siku ile.

Tangu hapo mumewe Idwal hakutoka nyumbani. Dawa zake za moyo humkojoza kila nusu saa, na kanisa la hapo uwanjani, inakofanyia mazoezi kwaya yake, lilijengwa na wachimba makaa walioona haja ni udhaifu wa Waanglikana: halina choo. Kwaya ikabaki na besi mmoja, naye ana mafua. Idwal akawa anaimba peke yake jikoni, ameelekea dirishani, na Olwen alishindwa kulivumilia jambo hilo.

Akamwandikia Gethin, ambaye siku hizi ni mbunge katika Bunge la Wales, kule Cardiff. Mbunge akajibu kwamba limemuuma sana, ila vyoo ni kazi ya kaunti, na tayari amemwandikia diwani wa huduma. Diwani huyo ni nani? Ni Gethin Rosser, maana kiti cha kaunti hakukiachia. Baada ya wiki mbili ikaja barua ya diwani: anamshukuru mheshimiwa mbunge kwa kufuatilia, lakini bila Cardiff kaunti haina la kufanya. Viti viwili, makalio yale yale. Mwenye choo hamjui mwenye haja.

Basi Olwen akamwalika kanisani Jumamosi mchana, aje awasikilize wananchi. Akaja, kwa kuwa mpiga picha wa gazeti naye alialikwa. Akaja na ufunguo wa choo mfukoni, apigwe nao picha mbele ya mlango akionekana mwenye huzuni.

Chai ya kanisani haikataliwi. Mwanasiasa atakayesukuma kikombe cha mama wa kanisa katika mabonde yale na atafute kazi nyingine. Gethin akamiminiwa cha kwanza, cha nne, cha saba, kila mama akilalamika kwamba chake hakijaonjwa. Keki za kikaangoni zilitiwa chumvi kuliko kawaida. Nani aliyetia, hakuna aliyejua.

Akaanza kukunja miguu. Akaomba kuaga. Olwen akamwambia bado wimbo wa kufunga, na wakati wa wimbo hatoki mtu. Tena ubeti wa mwisho, ukinoga, hurudiwa. Siku hiyo ulinoga mara kumi na moja. Kufikia ya tisa Gethin alikuwa akiimba sauti ya kina mama.

Ya kumi na mbili hakuingoja. Alivuka uwanja mbio, ufunguo mbele kama mkuki.

Alipotoka alikuta foleni ya watu ishirini, Idwal mbele kabisa, jirani amemteremsha kwa gari. Gethin akaokota kufuli afunge.

"Mheshimiwa," Olwen akasema, "aliyetoka humo ni mbunge au diwani?"

"Mama Olwen, suala hili lina ngazi zake."

"Gethin, nimekulisha maharage miaka sita. Nijibu."

Akamtupia jicho mpiga picha. "Diwani."

"Basi kaunti imekifungua. Na mbunge anasemaje?"

"Mbunge... anaunga mkono."

Idwal akamtoa kufuli na ufunguo mkononi kwa upole, kama anayepokea kofia ya mgeni, akaingia navyo, akajifungia.

Gethin akangoja. Dakika tano, kumi. Alikuwa na kikao Cardiff. Akagonga mlango, akaeleza kwamba ule ufunguo ni mali ya umma.

Kutoka ndani ikaja besi, nzito, bila haraka, ikianza ubeti wa kwanza. Wimbo ule una beti nane.