Karatasi ya Machozi

Elieth hakumlilia mama yake, na kwao Ushirombo kosa hilo halisahauliki. Msibani watu walimkagua macho kutwa: mekundu, makavu, yanamwasha kama yametiwa mchanga. Wanawake wakanong'onezana. Mdogo wake, Serafina, hakunong'ona. Alisema kwa sauti mbele ya jeneza, "Anayejua alichomfanya mama hawezi kumlilia." Tangu siku hiyo, kwa miaka mitatu, hakumpa dada yake shikamoo.

Elieth akarudi Nyarugusu kuponda mawe ya dhahabu, na kikohozi kikavu kikamwandama. Huko kila mtu ni daktari: vumbi hilo, mama! Zahanati wakampa dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa vipimo havikuonyesha kitu. Akazimeza zote, kila kidonge kwa vikombe viwili vya maji, maana kinywa chake hakikuwa na mate hata ya kulainishia ugali. Pumzi ikazidi kupungua.

Ni daktari mmoja wa Mwanza, mwanamke mpole, aliyemuuliza, "Ukilia, machozi yanatoka?"

Nusura Elieth amtukane. Kumbe maneno ya msibani yamefika hadi huku!

Daktari akamweleza taratibu. Kinga ya mwili wake imemgeuka. Imeshambulia tezi za machozi na za mate, na sasa imeingia mapafuni. Dawa za kuipunguza kasi zipo. Makovu yaliyokwisha kuingia mapafuni hayatatoka.

Mwingine angeuliza amebakiza miaka mingapi. Elieth aliuliza, "Unaweza kuniandikia hayo ya machozi? Kwa Kiswahili?"

Akaipeleka karatasi Ushirombo. Kutoka barabarani hadi kwa Serafina ni mteremko mtupu, lakini alipumzika mara nne.

Serafina aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akairudia. Kisha akapiga magoti, machozi yakimchuruzika hadi shingoni.

"Shikamoo, dada. Nilikuita mchawi mbele ya watu. Nisamehe."

"Marahaba."

Miaka mitatu Elieth alikuwa akiitamani salamu hiyo. Furaha na uchungu vikamjia kwa pamoja. Macho yakamwaka moto, basi.

Serafina akainua uso, akamtazama, akangoja.

"Mbona hulii, dada?" akauliza. "Bado una kinyongo na mimi?"

Elieth akaichukua karatasi yake, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Sasa ilikuwa ni kupanda.