Bega la Kushoto

Uvumi haukumtoka mama fundi kichwani: gauni la harusi alilomchorea bintiye kwa siri lilikuwa linauzwa dukani kwa wifi yake, fundi mwenzake. Akaenda kujionea. Gauni lilikuwa pale, bega la kushoto limekatwa chini kuliko la kulia.

"Wifi, hili umelitoa wapi?"

"Kichwani mwangu. Kwani magauni umeyaumba wewe?"

"Na bega hili? Mwanangu ndiye aliyeshuka bega, tangu alipolivunja. Mchoro huo uko kwenye kompyuta yangu tu."

Wifi akajifanya anatafuta sindano. Mwezi uliopita mama alisahau neno la siri, na wifi huyuhuyu ndiye aliyemfungulia kompyuta, akamwekea neno jipya. "Jina la mwanao, wifi yangu. Hilo hutalisahau!" Kumbe yeye ndiye ambaye hakulisahau.

Mama alirudi nyumbani kuchora upya, harusi ikiwa imebaki wiki mbili.

Mama mwenzangu:
Usimwache mtu akuchagulie neno la siri.
Usitumie jina la mtoto.
Ukishafunguliwa kompyuta, usilale bila kulibadilisha.
Usiseme, "Huyu ni wa nyumbani."