Mkia wa Kengele

Ndugu wasomaji, nina heshima kubwa kutangaza kwamba mimi, Sila wa kidato cha tatu, ndiye mkombozi wa usingizi wa shule yetu ya bweni hapa Mkonze. Ukombozi huo ulidumu asubuhi moja.

Kengele yetu ni kompyuta ya ofisini. Saa kumi na moja alfajiri inapiga faili la sauti kwenye spika, kisha tena kila kipindi kinapoisha. Jumatatu, kwenye zamu yangu ya kufagia ofisi, nilifichua mkia wa jina la faili hilo, yale maandishi mafupi baada ya nukta, nikafuta mp3, nikaandika txt, nikauficha tena. Sauti yenyewe sikuigusa. Lakini programu haiangalii kilichomo. Ilisoma mkia, ikadhani ni maandishi, ikanyamaza. Hata mbuzi hunusa kabla ya kukataa.

Jumanne tulilala mpaka saa moja. Nilitembea kama askofu.

Madam Evarista, mwalimu wa kompyuta, alilifungua faili akakuta kurasa za vidudu visivyosomeka. "Kirusi kimekula kengele," akasema. Fundi angepatikana wiki ijayo. Mpaka hapo, Mzee Zablon, mlinzi wetu, apige ringi ya lori iliyoning'inia nyuma ya jiko. Kutoka getini hadi huko ni mwendo, na goti lake ni bovu. Kwa kuogopa kuchelewa, alituamsha saa tisa na nusu. Siku tatu mfululizo. Darasani tulisinzia, na walimu hawakutuamsha, maana nao walikuwa wamesinzia.

Ijumaa nilimkuta kwenye ngazi za ofisi, anasugua goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Usinisemeshe, mjukuu wangu. Nimechoka mpaka kope."

"Si upumzike kidogo?"

"Nipumzike! Jana kipindi cha sita kilinipita. Mkuu kasema kikinipita kingine, nirudi Haneti nikafukuze ndege kwenye mtama."

Zilibaki dakika tano kabla ya kengele ya saa nne. Aliitazama njia ya jikoni, akashika ukuta ainuke, akaketi tena. Nikaingia ofisini.

"Madam, pengine kengele haijaliwa. Pengine kuna mtu kabadilisha mp3 ikawa txt. Ukirudisha tu, italia."

Alinisogezea kiti. Nikafichua mkia, nikaurudisha. Saa nne kamili spika ikalia shule nzima. Nje, Mzee Zablon akasema, "Ee Mungu, asante," kwa sauti ya mtu anayevua viatu.

Madam Evarista hakushangilia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Sila. Kompyuta hii inaficha mikia. Mimi nilikuwa naona neno 'kengele' tu. Mikia iko mingi. Wewe umejuaje ni txt?"

Nilikuwa na hotuba nzuri kuhusu vipaji. Nikaiacha.

"Ni mimi, madam. Jumatatu, nikifagia. Nilitaka kulala tu. Babu asirudi Haneti."