Njiti Mdomoni

Marehemu Renatus alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti. Jioni akirudi kutoka ofisi ya uwakala wa forodha pale Rusumo, alikuwa akivua viatu, anaketi kwenye kigoda karibu na jiko, anafungua gazeti lililosahauliwa na dereva fulani wa lori, halafu anaanza. Kidole kilipita chini ya kila neno, midomo ikilitafuna, na mkewe Suzan akapata habari zote huku akimenya ndizi. Kesi za mashamba, mpira, bei ya mbolea. Hata zikiwa za wiki iliyopita, kwake zilikuwa mpya. Asubuhi Suzan alizigawa kibandani mwake pamoja na uji na vitumbua alivyouza, mpaka wenzake wakamwita Redio. Shule aliiacha darasa la nne, lakini kwenye mabishano hakuna aliyemweza.

Kisha bosi wa Renatus akatangaza kwamba makarani watapimwa kasi ya kusoma. Malori yalikuwa yameongezeka, na karatasi za mzigo mmoja zilimmalizia Renatus asubuhi nzima. Atakayeshindwa angehamishiwa kwenye upakuaji. Renatus, mgongo wake mbovu, akajiandikisha kwa mwalimu Naima, binti wa Mzee Haji mwenye duka la vitenge. Naima aliwafundisha watu wazima kusoma upesi na kuelewa, sebuleni nyuma ya duka, baada ya saa za kazi.

Alirudi na njiti ya kiberiti kati ya meno.

Suzan alipomuuliza ni ya nini, akamjibu kwamba ni ya kutuliza midomo. Mwalimu alisema midomo ndiyo inayomchelewesha, maana jicho lina mbio kuliko ulimi. Akafungua gazeti, akasoma kimya. Kurasa zikageuka. Suzan akasubiri mpaka ndizi zikaisha. Renatus akalikunja gazeti, akaomba maji ya kuoga.

Ikawa hivyo kila jioni. Kibandani Suzan hakuwa na la kugawa. Avelina, muuza mihogo wa jirani, akamtazama akikoroga uji.

"Redio yetu siku hizi kimya. Betri zimeisha, au kuna mtu kazichukua?"

Wakacheka. Suzan naye akacheka, lakini uji wa siku ile ulijaa madonge.

Shati la Renatus lilinukia udi. Suzan alilifua, akalifua tena, harufu ikabaki, au pengine ilikuwa imebaki puani mwake tu. Akawa anamwona Naima hata pale asipokuwepo: vidole vyake vyenye hina vikipita juu ya ukurasa, na Renatus akimtazama. Yule mwanamke alikuwa anayapata maneno yote, yeye akabakiwa na mtu aliyefunga mdomo. Jioni moja Renatus aliitoa njiti, akaanza kusema, "Mama Elick, leo nimesoma habari ya..." Suzan akamkatiza.

"Kamsimulie mwalimu wako."

Renatus akairudisha njiti.

Alhamisi Suzan akavaa kitenge chake kizuri, akaenda huko huko darasani. Njiani alipanga maneno ya kumwaibisha mtu mbele ya watu. Alipoingia akakuta watu wazima wameketi mkekani, nesi, polisi mnene, mhudumu wa kituo cha mafuta, kila mmoja na njiti mdomoni kama watoto waliokatazwa kuongea. Kwenye kona chetezo kilikuwa kikifukiza vitenge vya dukani. Kumbe udi ulimshika kila aliyeketi pale.

Naima akainuka. "Karibu, Mama Elick. Nimetamani sana kukuona."

"Na mimi nimekuja kukuona."

Naima akamvuta mlangoni, akashusha sauti. "Mumeo mbio anazo sasa, lakini hashiki. Nikimuuliza alichosoma, anatazama ukuta. Niliwaambia wote, ukifunga ukurasa msimulie mtu wa nyumbani kwa maneno yako mwenyewe. Wenzake wanafanya. Yeye anasema mama jioni anakuwa amechoka."

Suzan akamtazama Renatus. Alikuwa ameinamia karatasi, macho hayasogei. Hakumwambia mwalimu kwamba mkewe ndiye aliyemkatiza. Suzan akaaga, maneno ya njiani hakuyatumia. Wivu haukuisha. Ila sasa kilichomuuma ni kwamba nafasi yake aliitupa mwenyewe, na Naima ndiye aliyemwokotea.

Jioni ile alingoja gazeti likunjwe.

"Toa hiyo njiti, Baba Elick. Nisimulie."

Akasimulia lori lililozuiwa Kabanga. Suzan akauliza aliyekosea ni dereva au mwenye mzigo. Renatus akakuna kichwa. "Rudi ukatazame," akaambiwa. Akarudi. Wakaendelea hivyo mpaka siku ya kipimo, na Renatus alipobakishwa mezani kwake alisema maswali ya bosi hayakufikia nusu ya yale ya jikoni. Redio ikasikika tena miaka mingi.

Msiba wa Renatus ulipokwisha na watu kutawanyika, Suzan alikuta gazeti juu ya kigoda. Akachukua njiti, akaiweka kati ya meno kama alivyowaona wakifanya. Jicho likaenda mistari miwili. Nyumba ilikuwa kimya mno. Akaitoa njiti, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.