Mnyaa wa Afisa

Nilipopewa jaketi la kijani lenye nembo ya shirika la ng'ambo, nilianza kutembea kana kwamba miti yote ya Migori niliiumba mimi. Cheo changu kilikuwa Afisa wa Mazingira na Maridhiano. Nilikipata kwa sababu nilikuwa na diploma ya Homa Bay, na kwa sababu kwenye usaili nilitamka "ikolojia" mara nyingi kuliko wenzangu.

Kijito chetu kilikuwa kimechimbwa dhahabu mpaka kingo zikabaki mashimo matupu. Watu wa juu na watu wa chini walikipigania, nyumba zikachomwa, na Willis, shemeji yangu, akauawa mle majini. Mimi ni wa juu. Mke wangu, Millicent, ni wa chini. Wazee walipopatana, shirika lilileta miche ya kufunika kingo, lakini amani yenyewe ilikuwa bado mbichi. Millicent aliniambia wazi kwamba vita vikirudi, anarudi kwao na watoto.

Annika, bosi wangu kutoka Ulaya, aliniuliza kama kuna mila yoyote ya kuzingatia.

"Hakuna," nikasema. Mtaalamu kama mimi, mila ya nini?

Miche ikapandwa, mbuzi wakaanza kuila. Nikakata fito za ojuok, ule mnyaa wenye utomvu mweupe ambao mbuzi hawaugusi, nikazichomeka kwenye ukingo wa watu wa chini, mstari mmoja ulionyooka. Nikapiga picha, nikamtumia Annika. Alinisifu sana, nikalala nikitabasamu.

Sasa, mtoto yeyote wa Mjaluo anajua ojuok uliopandwa mstari ni nini. Ni mpaka. Mimi mwenyewe nilichapwa utotoni kwa kuuchezea. Lakini nikishavaa jaketi lile sikuwa tena mtoto wa mtu. Asubuhi watu wa chini waliamka wakakuta mwana wa watu wa juu amewawekea mpaka na kijito chao.

Nilipofika, vijana wa chini walikuwa wameshika mapanga, na wa juu walikuwa wakishuka na yao. Fito hazikuguswa, maana kwetu anayeng'oa mpaka ambao hakuupanda anajitafutia laana. Nikakimbilia kwa mama mkwe, Min Willis, yaani mama yake marehemu Willis, ambaye vijana wa chini walimsikiliza. Huko nako kulikuwa na mpaka wake: mkwe hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe. Nikasimama nyuma ya jikoni, nikaanza kuuhutubia ukuta juu ya ikolojia.

"Ora," akanikatiza kutoka ndani, kwa jina la mkwe, "hiyo ikolojia ndio imepanda ojuok?"

"Ni mimi, mama."

"Basi enda ung'oe mwenyewe. Wote wakiona."

Nikarudi, nikang'oa. Nilivuta kwa pupa, fito zikakatika, utomvu ukanirukia mikononi. Nikajifuta jasho kwa mikono ile ile, na macho yakawaka moto. Afisa wa Mazingira akaanguka matopeni kando ya maji akipiga mayowe, jaketi na vyote. Upande wa chini mtu akacheka. Upande wa juu wakadakia. Muda si muda wote walikuwa wakinicheka, na panga ni zito kuliinua ukiwa umeshika mbavu.

Kisha kicheko kikakatika. Nikasikia mtu akiingia majini, mkono ukanishika kidevu.

"Tulia, ora."

Ilikuwa sauti ya Min Willis.

"Mama, ni aibu! Wewe na mimi hatu—"

"Aibu gani? Kwani unaniona?"

"Sioni kitu."

"Basi nyamaza."

Akanimwagia maji machoni, kiganja baada ya kiganja. Tangu mwanawe atolewe humo, mama huyu hakuwa amekanyaga kijito kile. Maji ya kunywa alichotewa na majirani. Sasa alikuwa amesimama ndani yake, mbele ya watu wa juu, akimwosha mmoja wao.

Vijana wakaondoka, kila upande kwao. Annika aliandika kwenye ripoti kwamba mbinu yangu ya kushirikisha jamii imefaulu, nami sikumsahihisha. Mbuzi sasa wanafungwa kamba pande zote mbili, na miche imenifika kiunoni.

Millicent hunitania mpaka leo kwamba nililia siku ile mpaka jua likapanda. Humwambia ulikuwa utomvu. Lakini utomvu mama alishauosha.