Kuku wa Miguu Mitatu

Jua la asubuhi likipenya dirishani, vumbi la darasa la tano huinuka na kuelea juu ya madawati, na mama mfagizi husimama mlangoni akilitazama. Kila dawati lina vumbi lake. Isipokuwa moja, la tatu kutoka dirishani.

Mtu anapita hapa kabla yake.

Dawati hilo lilikuwa la binti yake, kitinda mimba wake. Miaka tisa iliyopita mtu mwenye bunduki aliingia shuleni katikati ya somo la hesabu, na watoto kumi na mmoja hawakurudi nyumbani. Uani kuna jiwe lenye majina yao. Kila mwaka wakubwa huja, husoma hotuba, hutupia jicho saa. Yeye jiwe halikumtosha. Aliomba kazi ya ufagio ili awe karibu na dawati.

Maana juu ya dawati kuna kuku. Binti alimchora kwa ncha ya bikari, kuku wa miguu mitatu, akaadhibiwa kwa kuharibu mali ya shule. "Wa tatu ni wa akiba, mama," alijitetea nyumbani, na mama akacheka hadi akasahau kumgombeza.

Sasa mguu wa akiba hauonekani. Mbao zimevimba kwa maji, mikwaruzo inajifunga kama kidonda kinachopona bila ruhusa.

Nani anafuta? Mwalimu mkuu, asemaye kila kikao kwamba shule lazima isonge mbele? Mwalimu mpya wa hesabu, na tabasamu lake lisiloisha? Amewatazama wote kwa jicho la pembeni. Mtu anapita hapa kabla yake, na mtu huyo hana utu.

Leo akadamka, akaingia viatu mkononi.

Mlinzi wa geti alikuwa amepiga magoti, ndoo ubavuni, kitambaa kikichuruzika maji. Mlinzi yule yule wa siku ile.

"Kumbe ni wewe, mzee! Unamfuta mwanangu?"

"Namfuta?" Mzee aliacha kusugua. "Mama, mimi namwosha. Kila alfajiri. Mimi ndiye niliyemfungulia geti yule mtu. Alinisalimia vizuri, nikamwambia karibu."

Mama akamchukia. Akamwonea huruma, akamchukia tena. Kisha akamnyang'anya kitambaa, akakikamua hadi tone la mwisho.

"Usitumie maji. Kikavu, polepole. Na hapa usiguse kabisa."

Mzee akainama. Kwa muda wote huo alidhani ni mikwaruzo tu. "Ni kuku," alisema. "Ana miguu miwili."

"Mitatu."

Mama akachovya kidole kwenye vumbi la dawati jirani, akalisugua taratibu juu ya mbao mbichi. Mguu wa tatu ukajitokeza, mwembamba, wa kijivu. Mzee akalia kwa sauti, naye akamwacha alie.

Ndoo mama aliondoka nayo mwenyewe. Kumwamini kabisa, bado. Jua likaingia, vumbi likainuka, likashuka juu ya madawati yote. Siku hiyo hakufagia.